Siku Arobaini kwa Kilo Moja

Msingi wa somo: 1 Wafalme 19:1-8, Matendo 20:7-14, 1 Timotheo 4:8



Mchungaji aliponiomba niandike somo hili nilikataa mara mbili. Kuongea habari ya mwili wako mbele ya watu si rahisi, hasa ukiwa shemasi ambaye kila Jumapili watu wanakuona ukipanda ngazi za madhabahu ukishika ukuta. Lakini nimeona kwamba hapa kwetu tunaombea presha na sukari karibu kila ibada, na habari ya miguu hatuitaji hata siku moja. Basi acha nianze na yangu.

Tulipomzika mama kule Murang'a, kaburi lilichimbwa juu ya kilima, ng'ambo ya shamba la majani chai. Gari halifiki. Kwetu wana ndio hubeba jeneza, na mimi ndiye kifungua mimba. Nilibeba hatua kama thelathini hivi. Pumzi ikakata, magoti yakaanza kutetemeka, na mpwa wangu, kijana wa sekondari, akaninong'oneza, "Mjomba, nipe hapo nishike." Nikampa. Nikarudi kukaa kwa gari mlango ukiwa wazi, na maombi ya mwisho ya mama yangu nikayasikia kwa spika. Nilikuwa na kilo 107. Siku hiyo sikulia kwa sababu ya mama peke yake.

Tena nilikuwa na andiko la kujitetea. Ni lile la Timotheo, ambapo Paulo anaweka mazoezi ya mwili na utauwa kwenye mizani, na utauwa unashinda kwa mbali. Mke wangu akitaja mazoezi, mimi namfungulia hapo. Na andiko ni kweli. Shida ilikuwa kwangu mimi msomaji.

Hebu mtazame huyo Paulo mwenyewe katika Matendo 20. Yuko Troa, amehubiri usiku kucha. Ndio usiku ule kijana Eutiko alisinzia akaanguka kutoka dirishani. Kulipokucha wenzake wakapanda merikebu kwenda Aso. Paulo akawaambia watangulie, yeye atapita nchi kavu. Kutoka Troa hadi Aso kwa njia ya nchi kavu ni zaidi ya kilomita 30. Ametoka kwa kesha, merikebu iko pale, na bado anachagua miguu! Luka hatuambii kwa nini. Mtu wa namna hiyo akisema mazoezi ya mwili ni jambo dogo, anaongea kama mtu ambaye tayari analo. Mimi nilikuwa nachukua bodaboda kutoka geti mpaka kwa duka la maziwa.

Basi nikaenda kupimwa. Presha iko juu, sukari iko mpakani. Daktari akanipa dawa, akaniambia nianze na dakika kumi za kutembea kila siku, nikishazoea niongeze tano. Nilitaka kucheka, kumi ni nini? Siku ya kwanza dakika ya saba nilikuwa nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara. Watoto wa shule wakanisalimia na pole zao.

Baada ya miezi miwili nilikuwa nafika nusu saa. Nilikuwa nashuka matatu steji mbili kabla ya yangu, jioni namalizia kwa miguu. Kuna waliosema shemasi ameishiwa, hata nauli hana. Nikawaacha waseme.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike. Wengi wetu huanza kutembea Januari, na Februari wameacha, kwa sababu mizani haisongi. Mimi pia nilikaribia kuacha. Ndipo kijana wangu akanikalisha tukapiga hesabu. Mtu mwenye uzito kama wangu akitembea nusu saa kwa mwendo mzuri hutumia kalori kama 190. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Gawa hapo. Ni siku arobaini kwa kilo moja, tena kama hujaongeza chochote kwenye sahani.

Nilicheka sana. Arobaini! Hapo nikamkumbuka Eliya. Amechoka, amelala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakuanza na kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili, ndipo Eliya akatembea siku arobaini mchana na usiku hadi Horebu. Hakuna mahali tunaambiwa siku ya tatu alisimama kupima amebakisha umbali gani. Nami nikatoa mizani chumbani, nikaipeleka kwa jirani. Nilipima mara moja kwa mwezi.

Lakini hesabu hiyo ilinifunza kitu kingine, nacho ni kwamba sahani ina nguvu kuliko miguu. Chapati moja ya mafuta inarudisha jasho lote la nusu saa. Soda ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko vinane vya chai. Mimi nilikuwa na tabia, nikimaliza kutembea najipa zawadi ya soda baridi! Nikaacha soda. Chai nikatoa sukari vijiko vitatu hadi kimoja, kisha bila. Ugali nikapunguza nusu, sukuma wiki na maharagwe nikaongeza. (Akina mama wa jikoni mnisamehe, lakini yale mandazi ya baada ya ibada tuyaongelee siku moja.) Kwa mwaka mmoja nimeshuka kilo 12. Kwa kutembea peke yake singefika hapo.

Je, basi kutembea kuna maana gani? Ni kwingi. Presha yangu imeteremka kabla hata uzito haujateremka sana. Nalala. Napiga magoti tena nikiomba, jambo ambalo miaka minne nilikuwa nalifanya nimekaa kwa kiti na kuwaambia watu ni umri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kati, yaani nusu saa kwa siku tano. Zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali zilianzia Japani mwaka 1965 kwa kifaa kilichokuwa kikiuzwa cha kuhesabu hatua, kwa hiyo usihukumike ukifikisha 6,000. Mwendo wa kati utaujuaje? Ukiweza kuomba kwa sauti lakini huwezi kuimba pambio, uko sawa. Ukiimba mpaka ubeti wa mwisho, ongeza mwendo.

Dawa zangu bado nameza. Nasema hivyo kwa sababu kuna mtu aliniuliza imani yangu iko wapi. Daktari amepunguza moja, na ni yeye aliyepunguza, si mimi. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, simama, utafute daktari siku hiyo hiyo. Mwenye sukari akague nyayo zake kila jioni, na asitembee na ndala. Raba za mtumba zinazokutosha vizuri ni sawa kabisa.

Desemba nilienda nyumbani. Asubuhi nikapanda kile kilima peke yangu, nikapumzika mara mbili njiani, nikafika kwa mama. Nilikaa pale nikamwambia yale ambayo singeweza kumwambia kutoka kwa gari.

Kuanzia Jumamosi hii tutakuwa tunakutana getini mwa kanisa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukiwa kumepambazuka, ndipo akina dada wasitembee gizani. Tutaenda kwa mwendo wa yule anayechoka haraka, na kwa sasa huyo bado ni mimi. Beba maji. Mwenye dawa za presha au sukari aniambie kabla hatujaondoka.