Pikapu Ikitetemeka Baada ya Kutiwa Mkanda Mpya

Mkulima, umeuza magunia ya mahindi, ukampelekea fundi pikapu yako, naye ametia mkanda mpya wa taiming. Sasa injini yawaka, lakini usukani watetemeka mikononi na vioo vinalia. Fundi akuambia, "Itazoea." Usikubali. Injini haizoei kosa, na makosa mengine ya namna hii huiharibu kabisa kabla maziwa yako hayajafika kituoni.

Mwezi huu tutazame injini ya dizeli ya Mitsubishi iitwayo 4D56, iliyotiwa katika pikapu za L200 kwa miaka mingi, kwa sababu ina mikanda miwili na wenye magari wengi hawaujui wa pili.

Mkanda mkubwa huunganisha krenki na kamshafti na pampu ya dizeli. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, ili vali zifunguke kwa wakati wake. Mkanda mdogo umejificha nyuma ya ule mkubwa, nao huzungusha vyuma viwili vyenye uzito upande mmoja. Pistoni nne zikipanda na kushuka huitikisa injini mara mbili katika kila mzunguko wa krenki. Vyuma hivyo huzunguka upesi mara mbili kuliko krenki, kimoja huku na kimoja kule, vikaumaliza mtikiso huo. Vikipangwa vibaya, huuongeza.

Basi jiulize kwanza: nguvu iko? Ikiwa gari lapanda mlima kama zamani na moshi ni ule ule, lakini mtetemeko wazidi kila ukikanyaga mafuta, shuku mkanda mdogo. Ikiwa nguvu imepungua, moshi ni mwingi na injini inagonga, huenda mkanda mkubwa umekosewa jino. Zima injini hapo hapo, usiendeshe hata kurudi nyumbani. Pistoni ikikutana na vali huipinda, na hapo gharama si ya mkanda tena. Ikiwa gari latetemeka likisimama tu, na likienda latulia, tazama mipira inayoshika injini na boliti zake.

Kabla ya kukagua, ondoa waya wa betri. Fundi afungue kifuniko cha mbele, atie spana kwenye boliti ya pulii ya krenki, azungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, kwa upande wa mishale ya saa. Akikuta kizuizi kigumu asilazimishe. Kisha alama za krenki, kamshafti na pampu sharti zielekeane na alama za injini, zote pamoja. Kuona alama tatu za mkanda mdogo, yaani ya krenki na za vyuma vile viwili, sharti mkanda mkubwa utoke tena. Hapa fundi hununa, maana ni kazi ya saa nyingi.

Wako mafundi wanaouondoa mkanda mdogo kabisa. Injini itakwenda, ila itatetemeka. Yafaa uambiwe mapema. Wengine huuacha wa zamani, na hilo ni baya zaidi, kwa kuwa ukikatika vipande vyake huingia katika ule mkubwa. Badilisha yote miwili siku moja. Ukienda kuchukua gari, omba upewe mikanda ya zamani. Ukipewa mmoja tu, uliza wa pili uko wapi.