SOMO LA AFYA: Upasuaji wa Kidole Gumba cha Mguu – Wiki Sita na Jirani Mmoja



Somo hili ni kwa mwenye nundu kwenye kiungo cha kidole gumba cha mguu, na zaidi kwa yule aliyeambiwa na daktari kwamba atapasuliwa. Hospitalini nundu hiyo huitwa banioni. Si nyama iliyoota wala funza aliyejificha. Ni mfupa wenyewe uliosogea nje, huku kidole gumba kikiegemea cha pili. Kwa hiyo usikubali mtu aikate kwa wembe au kuichoma. Ndani hakuna kitu cha kutoa.

1. JE, NI LAZIMA KUPASULIWA?

Wengi hawahitaji. Nundu isiyouma huachwa. Inayouma mara nyingi hutulia ukibadili kiatu. Ukinunua mitumba soko la Busia au Tororo, weka kiatu chini na mguu kando yake. Mguu ukiwa mpana kuliko soli, kiache hata kama bei ni nzuri. Akala za tairi, ambazo Waganda huziita lugabire, hukipa kidole nafasi.

Upasuaji ni kwa mtu ambaye maumivu yanamzuia kutembea na kufanya kazi, na kiatu kipana hakikumsaidia. Haufanywi kwa ajili ya urembo. Kwa kawaida utaanzia kituo cha afya, wao wakuandikie barua ya kwenda hospitali kubwa, kama ile ya Tororo au ya rufaa ya Mbale.

2. DAKTARI HUFANYA NINI?

Hukata mfupa, huunyoosha, kisha huushikiza kwa skrubu au waya. Kazi yake huisha siku hiyo. Kazi ya mfupa kuunga ndiyo huanza, nayo huchukua wiki 6 hivi, pengine zaidi. Ukiukanyagia mapema, mfupa unaweza kuhama, kidole kikapinda tena, na taabu yote ikawa bure.

3. PANGA KABLA YA KWENDA

Mwenye bomba la maji ndani ya nyumba akiambiwa "pumzika" anaweza kupumzika. Kwetu, mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na bomba liko mbali. Ndiyo maana upasuaji huu haupangwi na daktari peke yake. Jibu maswali haya kwanza:

– Nani atachota maji na kutafuta kuni?
– Nani atachukua posho? Nenda mapema kwenye dawati la ugawaji uulize jinsi ya kuandikisha mtu wa kukuwakilisha.
– Utajisaidia wapi? Kuchuchumaa chooni kwa mguu mmoja ni hatari. Tafuta ndoo yenye kifuniko, au kiti kilichotobolewa katikati, na mtu wa kumwaga.
– Nani atawaangalia watoto wadogo wasikanyage mguu wako?

Kama huna jamaa, mwambie kiongozi wa bloku au mtumishi wa jamii kabla ya tarehe ya upasuaji. Kuomba msaada si aibu. Mwambie daktari pia kama una ugonjwa wa sukari au unavuta sigara, maana yote mawili huchelewesha kupona.

4. WIKI MBILI ZA KWANZA

Lala au kaa mguu ukiwa umeinuliwa juu kuliko moyo, muda mwingi wa mchana na usiku. Blanketi lililokunjwa au gunia lililojazwa nguo linatosha. Mguu ukining'inia utavimba na kuuma zaidi.

Usifungue bendeji mwenyewe, na usiiloweshe. Wakati wa kuoga, funga mguu kwa mfuko wa plastiki usiotoboka na uuweke nje ya beseni. Usipake majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno wala majani. Nyuzi kwa kawaida hutolewa baada ya siku 14 hivi.

Kunja na kunjua goti na kifundo cha mguu mara nyingi kila siku, ili damu isigande. Meza dawa za maumivu kama ulivyoandikiwa. Kwa mtu mzima, vidonge vya paracetamol vya miligramu 500 visizidi 8 kwa siku nzima.

5. KUTOKA WIKI YA TATU HADI YA SITA

Tembea kwa namna uliyoonyeshwa tu. Wengine huruhusiwa kukanyagia kisigino wakiwa na kiatu maalumu chenye soli ngumu. Wengine hutumia magongo na hawakanyagi kabisa. Usifuate alichofanya mwenzako, kwa sababu upasuaji una aina nyingi. Maumivu yakipungua usidhani mfupa umeunga. Nyama hupona kabla ya mfupa.

6. BAADA YA HAPO

Daktari akikuruhusu, anza kukunja kidole juu na chini kwa mkono, polepole, kila siku, kisije kikakakamaa. Kiatu cha kawaida, kiwe kipana, huvaliwa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea kwa miezi kadhaa, usikuogopeshe. Mtungi wa maji na jembe viwe vya mwisho kurudi. Na ukirudia kiatu chembamba, nundu nayo inaweza kurudi.

7. NENDA KLINIKI SIKU HIYO HIYO UKIONA:

– homa, usaha, harufu mbaya, au wekundu unaopanda mguuni;
– maumivu yanayozidi badala ya kupungua;
– vidole baridi, vya buluu au visivyo na hisia;
– waya uliolegea au kutoka;
– shavu la mguu limevimba na linauma. Ukiishiwa pumzi au kuumwa kifua, usingoje hata saa moja.

8. TUNZA KARATASI ZAKO

Mkimbizi huweza kuhamishwa kabla mguu haujapona. Wakenya waliovuka Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008 walipokewa Mulanda, wilaya ya Tororo, na mwaka huohuo wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Kwa hiyo weka picha ya eksirei, barua ya daktari na tarehe ya kurudi kliniki katika mfuko mmoja pamoja na kadi yako ya posho. Daktari mpya akiziona hataanza upya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA BLOKU

1. Katika bloku yetu, ni nani sasa hivi hawezi kuchota maji?
2. Tukigawana zamu, kila nyumba itamchotea siku ngapi kwa wiki?
3. Nani atamtembelea kuangalia dalili za hatari?

Msomee na jirani asiyejua kusoma.