SOMO: KURA YA CHAMA CHA SIASA NA KURA YA CHAMA CHA USHIRIKA



Neno "chama" katika lugha yetu lina kazi mbili. Chama cha siasa huitwa chama, na chama cha ushirika nacho huitwa chama. Palipo na jina moja, watu hudhani pana jambo moja. Somo hili lakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo ni mawili, na kwamba mwanachama ayachanganyaye huhatarisha mazao yake mwenyewe.

Mfano wa Nyakahura

Nyakahura ni mji mdogo wa Wilaya ya Biharamulo, kando ya barabara itokayo Lusahunga kwenda Rusumo. Katika kura za Bunge, wakazi wake wamo katika Jimbo la Biharamulo Magharibi. Mwaka 2005 jimbo hilo lilimchagua Phares Kabuye wa TLP. Baada ya kifo chake, uchaguzi mdogo wa Julai 2009 ulimpa ushindi Oscar Mukasa wa CCM. Mwaka 2010 wapiga kura walimchagua Dk. Anthony Mbassa wa CHADEMA, na mwaka 2015 wakamrudisha Mukasa wa CCM. Hizo ni chaguzi 4 na vyama 3 katika miaka 10. Jirani zao wa mashariki, upande wa Chato, walimchagua John Magufuli wa CCM mfululizo tangu mwaka 1995 hadi alipogombea Urais mwaka 2015.

Hapo twapata mafunzo mawili. La kwanza, mpiga kura hakufunga ndoa na chama cha siasa. Aliyechaguliwa jana aweza kuachwa kesho. La pili, kura ya nchi ni siri. Katika Mkutano Mkuu mmoja wa ushirika wameketi waliomchagua Kabuye, waliomchagua Mukasa na waliomchagua Mbassa, na hakuna mwenye haki ya kuwatenga. Ushirika ukijifunga kwa upande mmoja, utakuwa umewafukuza wanachama wake bila kuandika barua.

Tulikotoka

Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini wakati huo ushirika ulikuwa chini ya mwavuli wa chama kimoja cha siasa. Sheria ya mwaka 1991 iliukabidhi ushirika kwa wanachama wenyewe, na mwaka 1992 nchi ikaingia katika mfumo wa vyama vingi. Desturi za zamani, hata hivyo, hazikuisha zote siku hiyo.

Kisa cha ukaguzi

Niliwahi kualikwa katika Mkutano Mkuu wa chama kimoja cha msingi, wiki chache baada ya Uchaguzi Mkuu wa nchi. Joto la kampeni lilikuwa halijapoa. Mjumbe wa Bodi aliyekuwa akisimamia mizani kwa uaminifu aliangushwa kwa kunyoosha mikono, kwa sababu tu alikuwa amevaa fulana ya upande ulioshindwa. Nami nilinyamaza, kwa kuwa akidi ilitimia. Nakiri kwamba nilikosea.

Msimu uliofuata hakuna aliyelinganisha stakabadhi za wakulima na kitabu cha mapokezi ya mazao. Nilipofanya ukaguzi, nilikuta magunia yenye stakabadhi ambayo hayakuandikwa kitabuni. Wenye magunia hayo walikuwa wa pande zote mbili. Hasara haikumwuliza mtu kadi yake.

Wajibu wa Katibu

1. Usiitishe uchaguzi wa Bodi karibu na uchaguzi wa nchi, ikiwa masharti ya chama chenu na ratiba yake vyaruhusu.

2. Andaa orodha sahihi ya wanachama. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache.

3. Andaa karatasi na sanduku. Mkono ulionyooshwa huonwa na jirani, na jirani hukumbuka.

4. Kabla ya kura, msomee mkutano kazi alizofanya kila mjumbe: mahudhurio, mizani na madeni yaliyokusanywa.

5. Hesabu kura mbele ya wote, kisha andika matokeo katika muhtasari.

6. Bendera, fulana na nyimbo za vyama vya siasa zisiingie katika ghala wala mkutanoni.

Mwanachama anayo haki kamili ya kupenda chama chochote cha siasa. Akifika kwenye mizani, yeye ni mkulima mwenye gunia.

Maswali ya kujadili

1. Je, mjumbe wenu wa mwisho kuangushwa aliangushwa kwa kazi yake au kwa kadi yake?

2. Ni nani katika chama chenu analinganisha stakabadhi na kitabu, na akiondolewa leo nani atashika kazi hiyo?