Kufunga winchi ya umeme: anzia kwenye betri

Anayefunga winchi kwenye gari kwa kawaida huuliza kwanza swichi ikae wapi kwenye dashibodi. Mimi nashauri swali hilo liwe la mwisho. La kwanza ni hili: gari likiwa limeegeshwa, winchi haina kazi, je, waya wake una moto? Kwa magari mengi jibu ni ndiyo. Waya mwekundu hutoka betri, hupita kando ya rejeta, hupenya tundu la bati na kuishia kwenye bampa, bila fyuzi, ukiwa na moto usiku na mchana. Tundu hilo lisipovishwa mpira, kila mtikisiko wa barabara ya vumbi unaukwangua mpira wa waya kidogo kidogo, mpaka shaba iguse bati. Gari likigongwa mbele, bampa linarudi nyuma na kuukandamiza waya uleule. Betri ya gari ikipigwa shoti hutoa umeme wa kutosha kuwasha moto chini ya boneti, na kuzima kwa ufunguo hakusaidii kitu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza baada ya betri kiwe swichi kubwa ya kukata umeme, karibu na kichwa cha chanya kadiri inavyowezekana, na iwe imezimwa siku zote isipokuwa wakati wa kuvuta. Najua pingamizi linalotolewa: winchi tayari ina kontakta inayokata umeme, ya nini nyingine? Lakini kontakta hukaa kwenye winchi yenyewe, mwisho wa waya, kwa hiyo waya wote ulio nyuma yake unabaki na moto. Tena vidole vyake vya shaba huweza kuungana kwa joto. Hapo ukiachia kitufe cha rimoti, winchi inaendelea kuvuta. Wengine husema waya wa stata nao hauna fyuzi na hakuna anayelalamika. Ni kweli, ila waya wa stata hauendi kwenye bampa.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba swichi ya ziada hupoteza nguvu. Hapa inabidi kupiga hesabu. Winchi ya volti 12 ya kuvuta pauni 9,500, yaani takriban kilo 4,300, ikielemewa huweza kula ampea 400, wakati taa mbili za mbele za wati 60 kila moja hula ampea 10 tu. Chukua waya wa milimita za mraba 16, mita 2 kwenda na mita 2 kurudi: kwa ampea 400 unapoteza karibu volti 1.8, na zaidi ya wati 700 zinageuka joto. Waya wa milimita za mraba 35 hupoteza chini ya volti 0.9. Kichwa cha waya kilichobanwa kwa nyundo na kuota kutu ya kijani, chenye ukinzani wa miliomu 2 tu, hutoa wati 320 za joto katika kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Nguvu inaibwa na waya mwembamba na viungo vibovu. Swichi nzuri iliyotengenezwa kubeba mkondo huo haina lawama. Ya bei rahisi isiyoonyesha ampea zake usiinunue. Waya mweusi nao urudishe moja kwa moja kwenye hasi ya betri, usitegemee bodi.

Swichi ya dashibodi sasa ni kazi nyepesi. Haibebi umeme wa winchi; inaamsha koili za kontakta tu, kwa nyaya nyembamba: mmoja wa kuvuta, mwingine wa kuachia. Ilishe kutoka kwenye waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa, weka fyuzi ndogo, na uchague swichi inayorudi katikati yenyewe ukiondoa kidole. Isiyorudi yenyewe usiifunge kamwe, kwa sababu kamba ya chuma iliyokazwa haimsubiri dereva atafute kitufe.

Kabla ya kugusa chochote fungua hasi ya betri, na uirudishe mwisho kabisa. Wakati wa kuvuta injini iwe inanguruma, na upumzishe winchi mara kwa mara, maana alternata ya kawaida haitoi hata nusu ya ampea 400. Nyingine zote zinatoka kwenye betri. Ukimaliza kukunja kamba, zima swichi kubwa kabla hujafunga boneti.