Ukubwa wa Vitufe katika Programu za Zahanati: Nani Huuamua?

Mhudumu wa mapokezi katika zahanati ya kijijini, tuseme wilayani Bahi au Chamwino, amefungua programu ya kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta ya mezani. Chini ya dirisha mna vitufe viwili. Mtengenezaji alikiandika cha kwanza "Futa tarehe ya hudhurio" na cha pili "Futa taarifa za mgonjwa". Skrini ya zahanati ni ndogo kuliko ile iliyotumika kuitengeneza programu. Vitufe vimebanwa, maandishi yamekatwa, na vyote viwili vinasomeka "Futa ta…". Mgonjwa aliyeketi mbele yake, ambaye vipimo vyake vya shinikizo la damu vya miezi sita vimo humo, hajui kwamba vinategemea herufi zisizoonekana.

Kosa likitokea, aghalabu lawama humwangukia mhudumu, ilhali chanzo chake ni cha zamani zaidi ya siku hiyo. Tangu lugha ya Java ilipotolewa mwaka 1995, ukubwa wa kitufe hauamuliwi na kitufe chenyewe. Kitufe huomba tu: hukokotoa nafasi kinayoihitaji kutokana na maandishi yake na ukubwa wa herufi. Anayeamua ni kipangaji, yaani sehemu ya programu inayogawa nafasi ya dirisha. Mwanafunzi anayeandika amri ya setSize ili kitufe kiwe na upana autakao hushangaa kuona kipangaji kikiipuuza.

Vipangaji vina tabia mbalimbali. FlowLayout huheshimu ombi la kila kitufe na kuvipanga mstarini kama maneno katika sentensi. GridLayout hugawa vyumba vilivyo sawa, bila kujali neno refu wala fupi. Dirisha likibanwa, neno refu ndilo hukatwa kwanza. BorderLayout hukinyoosha kitufe kilichowekwa katikati hadi kijaze nafasi yote, kikawa kikubwa kama mlango. Dawa yake ni nyepesi: kitufe huwekwa ndani ya paneli ndogo yenye FlowLayout, kisha paneli hiyo ndiyo hukabidhiwa BorderLayout. Hapo paneli hunyooshwa, kitufe kikabaki na kimo chake. Kwa fomu ndefu ya mgonjwa, GridBagLayout hufaa zaidi, ingawa huchosha kuiandika.

Wengine hukwepa usumbufu huo kwa kuondoa kipangaji na kutaja vipimo kwa pikseli. Hilo ni kosa, hasa kwa Kiswahili. Kitufe kilichokatiwa nafasi ya neno fupi la Kiingereza "Refer" hakitoshi kuandikiwa "Mpe rufaa". Tena pikseli si kipimo cha rula: katika skrini yenye pikseli 96 kwa inchi, kitufe cha pikseli 38 kina takriban milimita 10, katika skrini yenye 192, kisiporekebishwa, hubaki na milimita 5. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba kadiri shabaha inavyokuwa ndogo na ya mbali, ndivyo mkono unavyochelewa kuifikia. Muuguzi mwenye foleni ndefu na kipanya kilichoingia vumbi la kiangazi halihitaji somo hilo kufafanuliwa.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha utabibu na sayansi za kompyuta pia. Hakuna sababu ya programu ya zahanati kukamilika kabla muuguzi hajaketi mbele yake. Jaribio lenyewe ni la dakika chache: dirisha lipunguzwe hadi nusu, herufi zikuzwe, kisha kila kitufe kisomwe kwa sauti. Kisichosomeka kirudishwe kwa mtengenezaji, ambaye anaweza kuliwekea dirisha ukomo wa udogo kwa setMinimumSize. Kitufe cha kufuta kitengwe mbali na cha kuhifadhi, tena kiulize kabla ya kutenda.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Kabla ya kuondoka dirishani, anaweza kumwomba mhudumu amsomee jina lake na tarehe yake ya kurudi kutoka katika skrini, baada ya taarifa kuhifadhiwa.