Sumu ya Mtama Mchanga

Mmea hauwezi kumkimbia mdudu. Hauna budi kujikinga pale pale ulipoota. Mtama mchanga hutumia sehemu ya naitrojeni uipatayo udongoni kutengeneza kitu kiitwacho dhurini. Mdudu akitafuna jani, dhurini huvunjika na kutoa sayanidi, sumu kali. Lakini naitrojeni hiyo hiyo ndiyo ijengayo majani. Basi mmea utumiao nyingi kwa kujikinga hubakiwa na kidogo cha kukulia. Mtama ukiisha kukua, sumu katika majani hupungua, na punje zilizokomaa ni salama kwa chakula.

Wafugaji na wajihadhari, kwani sumu hiyo huua ng'ombe pia. Mifugo isilishwe mtama mchanga, wala ulionyauka kwa ukame, wala machipukizi yaotayo baada ya mavuno.