Hofu kama Dosari ya Nguli: Anguko la Okonkwo

Katika nadharia yake ya tanzia, Aristotle alishikilia kuwa nguli afaaye si mwema kupindukia wala si mwovu, bali ni mtu wa hadhi aangukaye kwa sababu ya kosa fulani, yaani hamatia. Neno hilo limezoeleka kufasiriwa kuwa ni dosari ya tabia. Kwa kigezo hicho Okonkwo, mhusika mkuu wa riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958 na kutafsiriwa na Clement Ndulute kwa jina la Shujaa Okonkwo, huelezwa kwa neno moja: ukali. Maelezo hayo hayatoshi. Ukali ni dalili tu. Maradhi yenyewe ni hofu.

Hofu hiyo ina chimbuko. Unoka, baba yake, alipenda filimbi kuliko jembe, akafa na madeni bila cheo chochote. Tangu utotoni, mwenzake alipomwita Unoka agbala, neno la Kiigbo limaanishalo mwanamke na pia mwanamume asiye na cheo, Okonkwo alichukia kila alichokipenda baba yake: uvivu, na upole pamoja nao. Hapo ndipo penye kasoro. Kuchukia uvivu kulimpa ghala za viazi vikuu, wake watatu na vyeo viwili. Kuchukia upole kulimpokonya mwana.

Kitovu cha jambo hili ni mauaji ya Ikemefuna. Kijana huyo alikaa miaka mitatu nyumbani mwa Okonkwo na kumwita baba. Okonkwo alimpenda, ingawa hakuthubutu kuonyesha. Mzee Ezeudu alimwonya asishiriki. Miungu iliagiza kijana auawe. Haikuagiza auawe na Okonkwo, na Obierika analisema hilo waziwazi. Hata hivyo, kwa kuchelea kuonekana dhaifu, alimkata kwa panga. Nwoye alitambua, akajitenga naye moyoni. Wamisionari walipofika Mbanta walimkuta amekwisha kuwa tayari.

Si kila pigo, hata hivyo, litokanalo na dosari. Bunduki iliyopasuka katika mazishi ya Ezeudu na kumwua mwana wa marehemu, mwenye umri wa miaka 16, ilikuwa ajali, nayo ndiyo iliyomtupa uhamishoni miaka saba. Wala ukoloni haukuletwa na tabia yake: Umuofia ingalitawaliwa hata kama angalikuwa mpole. Kilicho chake ni namna ya kuanguka. Alimkata kichwa tarishi mkuu akidhani Umuofia ingali vile alivyo yeye. Wenziwe wakawaacha matarishi wengine wakimbie.

Kujinyonga ni chukizo kwa ardhi, hivyo jamaa zake hawakuruhusiwa kumgusa. Ilibidi wageni wamzike. Unoka naye, kwa ugonjwa wa uvimbe uliohesabiwa kuwa chukizo vilevile, alipelekwa Msitu Mwovu bila kuzikwa. Tofauti ni kwamba Unoka alichukua filimbi yake.